Anayetaja Kwanza Kaliwa

Siku ya kwanza kufanya biashara na Mama Viti, muuza samani za mitumba, nilidhani ni bubu. Nilitaka kabati. Nikataja bei, akaendelea kupiga msasa mguu wa meza. Nikapandisha. Akapuliza vumbi. Nikapandisha tena, ndipo akafungua kinywa: "Chukua, kaka. Hata ile ya kwanza ilinitosha."

Bintiye wa miaka sita akacheka mpaka akajishika mbavu. Ndivyo alivyolelewa pale bandani: mgeni akikuuliza, mtazame. Anayetaja kwanza kaliwa.

Basi akaanza shule. Mpimaji wa akili za watoto akaja na picha zake, kila mtoto dakika chache, ataje anachokiona. Binti akaitazama picha ya kiti, akamtazama mpimaji, kimya. Picha zote vivyo hivyo. Wakaamua ana akili nzito, ahamie darasa la pembeni, ambako hakuna anayehangaika kumfundisha mtu kusoma.

Mama Viti akanijia. Safari hii alianza yeye: "Kaka, wewe una mdomo. Twende."

"Kipimo hiki ni chujio tu, mzee," mwalimu mkuu akanipoza. "Kinatuonyesha nani apimwe zaidi."

"Na huyu kapimwa zaidi lini?"

Akafungua faili la mtoto, akalifunga.

"Mimi hata godoro silinunui kwa kulibonyeza mara moja. Nyie mnamtupa mtoto kwa picha?"

"Mzee, kila mtoto anakijua kiti!" Akaiweka ile picha mezani, mbele ya binti tuliyekuja naye.

Mama Viti akainama sikioni mwa bintiye. "Mwanangu, hawa si wateja. Taja."

Mtoto akaivuta picha. "Kiti. Mguu wa nyuma umepinda." Akamgeukia mwalimu. "Mnakiuza?"

Wakampima upya, safari hii asubuhi nzima, wakamrudisha darasani. Samahani hatukuisikia. Na wale waliobaki kule pembeni, ambao mama zao hawana mtu wa mdomo? Nikauliza. Nikaonyeshwa mlango.

Juzi nilifuata meza bandani. Kabla sijafungua kinywa, binti akanitajia bei.

"We mtoto!" mama akafoka.

"Mwalimu kasema tukijua tujibu haraka, mama."

Nikaikata bei ile nusu, nikabeba meza. Mtoto kapata darasa, Mama Viti kapoteza muuzaji wake bora. Mimi nimepata meza kwa bei ya kutupa, na kila nikila chakula juu yake nawatukana wale watu wa shule. Lakini sijairudisha.