Kambi za Mama Faida

Ukiingia soko la Kasongo kwa upande wa mafundi wa simu, muulize mtu yeyote alipo Mama Faida. Utaonyeshwa meza yenye kompyuta ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, sahani ya umeme wa jua juu ya bati, na mwanamke wa miaka arobaini na sita ambaye haoni haya kukwambia kwamba unamkingia mwanga. Ukitajiwa kazi yake kwa haraka unaweza kucheka. Anaweka mahali pa kulala ndani ya GPS za watu.

Usicheke. Barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare si ya kuendesha tu mpaka usingizi ukushike. Dereva anataka kujua mapema wapi pana uwanja wa kugeuzia gari, wapi maji hayako mbali, wapi ardhi haimezi tairi mvua ikinyesha, na nani anapenda wageni. Mahali pa namna hiyo madereva wanapaita kambi, na kambi inabeba jina la mwenyeji: Kwa Pierre, Kwa Hamadi, Kwa Dominique. Faida alikuwa nazo arobaini na moja. Kila moja aliiandika kwenye daftari pamoja na namba zake za ramani, kisha akaiingiza kwenye kompyuta. Unampa chombo chako, anachomeka waya, anakugombeza kwa sababu ya vumbi lililojaa kwenye tundu, na kabla hujamaliza kikombe cha chai kambi zote zimo ndani.

Namba hizo alizipata zamani, alipokuwa karani wa shirika moja la kugawa mbegu. Madereva wa shirika walirudi na namba, yeye akaandika. Shirika liliondoka, daftari likabaki. Tangu hapo kila dereva akipita mezani lazima aulizwe juu ya kambi moja moja kama bado iko. Dereva akijibu kwamba bado iko, kwamba amelala hapo juzi, Faida anaweka alama ya wino mwekundu na tarehe. Hakuna ofisi Kasongo inayotunza karatasi zake kwa uangalifu ule.

Ila yeye mwenyewe hakuwahi kulala hata kwenye kambi moja. Kwanza watoto walikuwa wadogo, kisha mama mkwe aliugua miaka sita, kisha ikawa mazoea tu. Mumewe Hemedi, muuza vitenge, aliyezoea kumwita kwa jina la binti yao Safia, hakukosa la kusema.

"Mama Safia, wewe unajua ile njia sawa na mutu mwenye anajua harusi kwa kusikia ngoma tu."

"Na wewe unauza vitenge miaka makumi mbili. Umekwisha kuvaa hata kimoja?"

Hapo Hemedi alikuwa akicheka na kurudi dukani kwake, na mambo yaliishia hapo.

Mwezi wa tatu liliingia mjini gari ambalo Kasongo haikuwahi kuona mfano wake. Lilikuwa lori la zamani lililojengewa nyumba mgongoni, yenye dirisha lenye pazia, vitanda viwili, jiko na friji ya gesi. Daktari Ruphin na muuguzi wake Sarah-Grâce waliishi humo, wakizunguka kutibu wagonjwa wa sukari. Dereva wao, Gaston, alikuwa mtu wa Kalemie na barabara hii alikuwa hajawahi kuipita. Walipelekwa kwa Mama Faida siku hiyohiyo.

"Mama, mimi sitaki hoteli," daktari alisema. "Nataka mahali pa kulaza hii gari, na pawe sawasawa. Ikiinama, friji haipoi. Friji isipopoa, dawa ya sindano inaharibika, na bagonjwa ya kule Salamabila banaingojea."

Faida alifungua daftari, akapitisha kidole. Usiku wa kwanza ungekuwa baada ya kupita Lusangi, Kwa Dominique. Uwanja mpana, chemchemi karibu, wino mwekundu wiki kwa wiki, wa mwisho siku nne tu nyuma. Akawawekea zote arobaini na moja, na hiyo akaizungushia nyota.

"Hapo mutalala kama nyumbani," aliwaambia, na alikuwa na furaha ya mtu anayejua kazi yake.

Waliondoka alfajiri. Kesho yake asubuhi simu ya Faida ililia, na Gaston hakuanza hata kwa salamu.

"Mama Faida, hapa ulitutuma hapana kijiji. Iko majani tu. GPS inasema tumefika, mimi naingia, gurudumu la nyuma linaanguka mu shimo. Mama, ni choo ya zamani."

"Uko Kwa Dominique?"

"Niko mu choo ya Dominique. Dominique mwenyewe iko mbele, kilometa sita. Batu yake bamefika sasa kutuvuta. Gari imelala imeinama tangu jana."

Faida alishika meza kwa mikono miwili. Alielewa papo hapo, na kuelewa huko kulimwuma kuliko matusi. Huku kwetu kijiji kinahama. Mashamba yakichoka, au dhahabu ikionekana mahali pengine, watu wanabomoa nyumba, wanabeba milango na mabati na kuondoka, na jina wanaondoka nalo. Mtoto wa miaka saba anajua hivyo. Madereva hawakumdanganya hata mara moja. Aliuliza kama Kwa Dominique bado iko, nao wakajibu kweli kwamba iko na wamelala hapo. Wao njia wameizoea, wanafuata nyumba kwa macho, namba wanazibeba kwa tahadhari tu. Anayefuata namba ni mgeni, na mgeni wa kwanza wa miaka mingi alikuwa amebeba dawa za watu.

Aliona aibu, na wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Tena aliogopa, kwa kuwa alama moja nyekundu ikiwa ya uongo, nani ataamini zile arobaini? Angeweza kuwasingizia madereva, na nusu ya soko ingemuunga mkono. Badala yake alifunga kompyuta, akamwachia jirani meza, akamwita Pitchou, mwenye pikipiki, ampeleke.

Safari hiyo sitaipamba. Kwenye daraja la kwanza la magogo alishuka, akavuka kwa miguu huku akimtaja Mungu kwa sauti. La pili hivyohivyo. La tatu Pitchou alimwambia kwamba wakienda hivyo watafika baada ya Ramadhani, basi akafumba macho na kubaki juu.

Mahali pa zamani walipapita mchana. Majani yalifika kifuani, na shimo lilikuwa wazi, pembeni yake alama za tairi na kamba zilizovutwa. Faida alilitazama muda mrefu kuliko lilivyostahili. Kisha wakaenda mbele kilometa sita, na gari-nyumba likaonekana limesimama kwenye uwanja mpya, tope mpaka dirishani.

Papa Dominique, mzee mfupi mwenye koti la suti, alimpokea kwa kiti. Faida alimsalimu kwa heshima zote, lakini swali lilimtoka.

"Papa, mulihama lini?"

"Miaka tatu sasa."

"Na jina?"

Mzee alishangaa. "Jina tungeliacha kule na nani? Ni letu. Tulikuja nalo."

Sarah-Grâce alikuwa amehamishia dawa kwenye mtungi, ndani ya mchanga uliolowa maji ili zibaki baridi, chini ya kivuli, na mke wa mzee alikuwa akiumwagilia kila alipopita. Dawa zilikuwa salama. Faida aliposikia hayo alikaa chini palepale, kiti akakisahau.

Daktari hakumgombeza. Alikuwa mpole, na upole ule ulikuwa mbaya zaidi. "Mama, nikuulize. Kesho tutalala Kwa Pierre. Wewe umefika huko?"

Hapa Faida angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angemkamata siku hiyo.

"Sijafika, Dokta. Niliambiwa."

"Na zile zingine?"

"Zote niliambiwa. Hata moja sijaona na macho."

Gaston aliguna. Daktari alitazama chombo mkononi, kisha barabara, kisha chombo tena. Faida akakichukua bila kuomba. Aliagiza beseni la maji, akaliweka katikati ya uwanja, akachuchumaa kutazama maji yanaegemea upande gani, akalisogeza hatua kumi, akachuchumaa tena. Mara ya nne maji yalitulia sawasawa na ukingo. Alisimama hapohapo na kupima namba mwenyewe, akafuta pointi ya zamani, akaandika mpya.

"Gari isimame hapa," alisema. "Hii naijua. Zile zingine, Dokta, kama unataka nizifute, nafuta."

"Ukifuta nitalala wapi?" Daktari alimwachia chombo mkononi. "Kesho utakaa mbele na Gaston."

Faida aliingia kichakani kidogo, mahali Papa Dominique alipomwonyesha kwamba simu inashika, akampigia mumewe. Alimweleza yote, choo, mtungi, beseni. Hemedi alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Basi unarudi kesho," alisema.

"Kesho naenda kuona Kwa Pierre."

"Na kisha?"

"Kisha iko Kwa Hamadi. Kisha mbele yake iko zingine, Baba Safia. Nitarudi nikimaliza."

Hemedi alikohoa, akauliza jikoni chumvi inakaa wapi.