Turubai Jeupe la Mkutano wa Maji

Mtaani watu wanajua Mama Turubai haogopi mtu. Anakodisha turubai na viti vya shughuli, na ukimrudishia kiti kimevunjika mguu, atakufuata hadi kitandani kwako. Lakini wiki ile chakula kilikuwa hakishuki. 

Shida ilikuwa bomba. Mtaa mzima unachota hapo, na maji yanatoka kwenye kisima kilichochimbwa nyuma ya kiwanda cha ngozi. Yalianza kuwa na rangi kama chai iliyochuja. Watoto wakatoka vidonda midomoni, mwanawe wa mwisho akiwa mmojawapo. Watu wakafanya nini? Wakachemsha, wakanyamaza. Nani atakisema kiwanda wakati kila nyumba ina mtu anayefanya kazi pale? Hata mumewe yumo. Analinda geti, na watu wanamwita Sajenti ingawa bunduki hajawahi kuigusa.

Afisa wa maji alikuja kupima, kijana mmoja mpole wa shati jeupe. Aliporudi na majibu, alimkuta Mama Turubai anajaza ndoo.

"Mama, mwaga hayo. Kuna kemikali ya kulainishia ngozi humu."

"Mimi nachemsha, mwanangu. Tena yanatokota sana."

"Ndiyo unaharibu kabisa. Maji yanapungua, sumu inabaki sufuriani."

Akayamwaga yote. Akaigeuza ndoo, akaikalia. "Basi lifunge hili bomba! Unangoja nini?"

"Nikifunga peke yangu, kesho nitaambiwa nifungue. Itisheni mkutano wa hadhara. Wananchi wakinyoosha mikono mbele ya watu, waseme wanataka lifungwe na waletewe maji ya gari, hapo hata bosi wangu hatanigusa."

Mikono mbele ya watu. Kusema ni rahisi.

Mama Turubai hakupitisha kipaza sauti. Aliogopa. Aliwanong'oneza wanawake wachache, nao wakaitikia huku wakiangalia pembeni. Jioni moja simu ikaita, namba asiyoijua. Sauti ya mwanaume, taratibu kabisa: "Mama, mzee anaipenda kazi yake, eh?" Ikakatwa. Alibaki ameishika simu kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia.

Alipomwambia mumewe, Sajenti alivua kofia, akaitazama kwa ndani. "Mama watoto, mimi nina miaka hamsini na kitu. Wakinifukuza pale, nani ataniajiri? Wewe fanya mkutano wako. Ila mimi usinitazame."

Siku ikafika. Mama Turubai na wifi yake wakafunga turubai kwenye uwanja wa shule. La bluu lilikuwa limechanika, likingoja kushonwa, kwa hiyo wakafunga jeupe. Wifi alivuta kamba huku akimchokoza: "Wifi, viti vyote hivi vya nani? Tutakaa mimi na wewe, tunabadilishana kiti kimoja kimoja."

Halafu watu wakaanza kuja. Wengi. Wanawake wamejifunga vitambaa kichwani, wanaume wanatembea polepole mikono nyuma. Muuza mkaa, bibi wa watu, akamkumbatia kwa nguvu na kuanza kulia.

"Pole, mwanangu. Nani katutoka?"

Mama Turubai akatazama juu, ndipo akaelewa. Mtaa mzima unajua: turubai lake la bluu ni la harusi, jeupe ni la msiba. Miaka yote hajawahi kuchanganya. Na habari ya msiba haihitaji kipaza sauti. Hata wafanyakazi wa kiwandani walikuwa wameomba ruhusa, maana hakuna bosi anayemkatalia mtu kwenda kuzika. Na nyuma yao, mungu wangu, akaja msimamizi wa kiwanda mwenyewe, koti jeusi, uso wa huzuni, ametumwa kutoa rambirambi. Sajenti alikuwa ubavuni mwake, na sare zake za bluu.

Angewaambia warudi nyumbani. Alitaka. Lakini aliona yule bibi anafuta machozi kwa mkono uliojaa magamba tangu maji yabadilike rangi, akasema tu, haraka haraka, kabla woga haujamziba mdomo:

"Hakuna aliyekufa. Nimewakosea turubai. Huu ni mkutano wa maji."

Kinyozi wa mtaani akainuka. "Jamani, mimi nimeacha kichwa cha mtu nusu! Kama hakuna marehemu, narudi."

"Kaa chini wewe," bibi muuza mkaa akamkemea. "Marehemu ni sisi. Tumewahi tu kufika."

Watu wakacheka, cheko la mtu aliyeshtuka. Kinyozi akakaa. Afisa wa maji akasimama, akaeleza kama alivyoeleza bombani, sumu na sufuria, bila kuzunguka. Mama mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mtoto akamtoa ziwani ghafla, akamtazama. Hakuna aliyecheka tena.

Msimamizi alikuwa ameshatoa simu. Alisimama pembeni, anarekodi.

"Wanaotaka bomba lifungwe leo," afisa akasema, "wanyooshe mikono."

Hakuna. Watu walitazama viatu vyao. Mama Turubai akanyoosha wake. Bibi muuza mkaa akanyoosha. Wifi. Yule anayenyonyesha. Simu ikawa inahama, uso hadi uso, inakaa kidogo, inahama. Kila ilipokaa, mkono wa jirani ulisita. Kinyozi akauinua wake hadi sikioni, akajikuna, akaushusha.

"Jamani, nawaomba," Mama Turubai akasema. "Nyoosheni. Msiogope."

Ndipo akaona mkono ukipanda kule pembeni, ndani ya sare ya bluu iliyofifia, karibu kabisa na bega la msimamizi. Kinyozi akauona, naye akaunyoosha wake wote. Wafanyakazi wa kiwandani wakafuata, safu nzima.

Msimamizi hakuwajali tena. Aligeuka taratibu, akamwelekezea Sajenti simu usoni.

Shusha, Mama Turubai alitaka kupiga kelele. Baba watoto, shusha, wametosha! Yeye aliyewabembeleza wote. Afisa alikuwa ameanza kuhesabu mikono kutoka safu ya mbele, bila haraka, na mumewe hakuushusha.