Jina Kwenye Plani ya Nyaya

Chumba cha seva cha ofisi yetu pale Bungulu, mjini Beni, zamani kilikuwa stoo ya maharagwe. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nyaya zilijazana nyuma ya makabati hadi hewa ikakosa pa kupita, mashine zikawa zinazimika kwa joto. Mimi ndiye niliyepima, kwa futi ya kushonea ya mama yangu, ili kila waya ukatwe kwa urefu wake kamili. Nilichora plani nzima. Nyuma ya makabati pakapatikana nafasi ya mtu kupita.

Mkuu wangu, aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, akaandika jina lake chini ya plani ile, akaibandika mlangoni. Nilipomuuliza, hata hakuniangalia usoni.

"Mama, weye kazi yako ni kuvuta mafil, hizi nyaya. Mambo ya plan, hapana yako."

Nilimchukia papo hapo, na sioni haya kusema.

Kosa lake ni kwamba hakuisoma ile plani. Kila waya niliupa jina la mji, nikaliandika kwenye ncha moja tu, maana kibandiko cha pili kingekula nafasi. Ncha ya pili, ile ya kabatini, unaihesabu kutoka chini, kwa kufuata barabara yetu: Alimbongo, Lubero, Musienene, Butembo, Maboya, Beni. Mtu yeyote wa hapa aliyewahi kupanda lori la mboga anaujua mfuatano huo. Yeye alikuja kwa ndege. Ningeweza kumweleza kwa dakika moja. Nilingoja.

Asubuhi moja mkurugenzi alikuja kutoka Butembo kutukagua, na waya wa Musienene ukafa. Mkuu akachomoa mmoja, akazima ofisi ya wahasibu. Akachomoa mwingine, simu zikanyamaza. Akaniita.

"Chef, plan ni yako," nilimwambia mkuu, mikono kifuani. "Soma."

Mkurugenzi akamtazama, akangoja. Mimi nilifurahia kila sekunde.

"Plan, hapana mimi nilichora," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Ni huyu mama."

Nikahesabu kutoka chini, wa tatu, nikabadilisha waya. Kisha nikaomba kalamu, nikaandika jina langu kwenye plani ile pale mlangoni. La kwake sikulifuta. Nililipiga mstari mmoja mwembamba, ili kila anayeingia aweze bado kulisoma.