Mkono Uliomshika Mama

Mama alianguka kwenye ulalo wa magogo mawili unaovuka kijito kabla ya kufika kwake, ng'ambo ya Kalenga. Ilikuwa miaka ya hamsini, mvua zikielekea kuisha, na magogo yalikuwa yanateleza. Hakuvunjika. Daktari alimgeuza nyonga huku na huku, akasema mfupa ni mzima, umeshtuka tu, utapoa. Ukapoa kweli. Lakini mama hakutembea tena kama zamani. Aliipapasa ardhi kwa unyayo kabla ya kuikanyaga, hata sakafuni kwangu ambako hapakuwa na kitu cha kumwangusha.

Nilimchukua tukaishi naye Iringa mjini. Mume wangu alikuwa karani, na tulikuwa na vyumba viwili nyuma ya maduka. Kaka yangu, aliyebaki kijijini, alizungumza wazi mbele ya mama mwenyewe: ikifika wakati wa kupanda naye hawezi kuvuka kijito peke yake, nyumba yake atapewa mjukuu anayetaka kuoa, na mama atabaki mjini kwa binti yake. Mama alisikiliza. Kule ndiko alikozika mume na watoto wawili. Mimi, niseme ukweli, sikuhuzunika. Nilitaka abaki.

Kwa hiyo nilimshika. Asubuhi niliingiza mkono chini ya kwapa lake kabla hajaomba, nikamwinua. Nilimshika akienda chooni, akitoka nje kuota jua, akikaa. Jioni nilimwosha miguu kwa maji ya moto. Wanawake wa kanisani walikuwa wakisema, "Mama huyu kapata binti," nami nikiinamisha kichwa nisionekane ninavyofurahi.

Jirani yetu alikuwa mjane wa Kihindi mwenye duka la unga, chumvi na mafuta ya taa. Ua wake ulitenganishwa na wetu kwa wigo wa michongoma. Nilipokwenda sokoni nilimwacha mama kwake akae kibarazani, na sikuona ubaya. Hawakuwa hata na lugha ya kuzungumza. Mama alikuwa na Kihehe na Kiswahili cha kuombea chumvi. Yule mjane alikuwa na Kigujarati na Kiswahili cha kuuzia.

Tangu utoto nina tabia ya kutazama vitu vidogo. Kwanza niliona chaki. Nilipokuwa nikimwosha miguu nilikuta unga mweupe kati ya vidole, siku tatu mfululizo. Nilipomuuliza akasema ni vumbi. Vumbi la Iringa ni jekundu.

Kisha nikamsikia anahesabu. Alikuwa anapukuchua maharage na midomo inacheza: "Ek, be, tran, char, panch."

"Unasema nini, mama?"

"Nahesabu maharage."

"Kwa lugha gani?"

"Maharage hayana lugha," akasema, akaendelea.

Kesho yake nilibeba kikapu kama ninayekwenda sokoni, nikazunguka, nikachungulia penye tundu la wigo. Kwenye saruji ya uani palikuwa na mstari wa chaki, mrefu na ulionyooka. Mama alikuwa juu yake peku, akitembea kisigino kikigusa kidole, taratibu kama mtu anayepima kiwanja. Mjane alikuwa mbele yake akirudi kinyumenyume, mikono nyuma, hamgusi. Walipofika mwisho mama alishika gunia la mchele kwa vidole viwili, akainua mguu mmoja. Wakahesabu pamoja. Mjane akaketi chini, akakunja miguu, akasimama bila kushika chochote, na alikuwa mkubwa kwa umri kuliko mama. Mama akajaribu kutoka kwenye kigoda. Mara ya kwanza alirudi kitako. Wakacheka, wote wawili, kama wasichana waliomwaga maji njiani.

Miezi mitano mama hakuwa amecheka nyumbani kwangu.

Niliingia kwa mlango wa dukani. "Mama, ukianguka hapa nani ataulizwa?"

Ni mjane aliyejibu, bila hasira, akijifuta chaki mikononi. "Binti, mguu yake haina shida. Shida iko mkono yako. Wewe nashika yeye kila siku, mguu nasema, mimi kazi yangu nini?"

"Ni mama yangu," nikasema.

"Ndiyo. Mimi sikuchukua."

Lakini alikuwa amemchukua. Ndivyo nilivyoona. Hata salamu, asubuhi alikuwa akimwita juu ya wigo, "Kamwene, dada," kwa Kihehe, na mama aliitikia kwa sauti ambayo mimi sikupewa. Nikatumia upepo. Iringa wakati ule wa mwaka upepo unapenya hadi kwenye meno, nami nikasema mama atapata kichomi, asitoke. Nilimfungia ndani siku nne, nikamwekea jiko la mkaa na blanketi, nikamshika mkono kuliko mwanzo. Hakubisha. Siku ya tano nilikuwa nakoroga uji nikasikia kigoda kinagonga ukuta. Nilipogeuka mama alikuwa amesimama, mikono imening'inia, hajashika kitu.

"Nakwenda kwa dada," akasema. "Uji utanikuta huko."

Uji nikaupeleka. Tangu siku hiyo nilikuwa naupeleka kila asubuhi, nauweka kibarazani, naondoka bila kutazama mstari.

Mvua za kwanza zilipokaribia tulipanda lori hadi Kalenga, kisha tukatembea. Kaka alitusubiri ng'ambo ya kijito, na mwanawe, yule anayetaka kuoa, kando yake, wamekunja mikono. Mama alivua ndara akanipa pamoja na fimbo aliyotembelea njiani. Alisimama kwanza, akapumua, akaweka unyayo kwenye gogo na kuuacha utulie kabla ya kuita wa pili. Midomo ilikuwa inacheza. Katikati gogo lilitikisika, akabaki na mguu mmoja hewani. Mkono wangu ulikwisha kunyooka kabla sijaamua.

"Usinishike," akasema. Hakuwa amegeuka hata kidogo.

Mguu ukashuka. Akavuka.

"Umerudi, mama?" kaka akauliza, kwa sauti ndogo.

"Nimerudi. Mwambie mwanao akate miti ajenge."

Ikabaki zamu yangu. Nilikuwa na viatu, kikapu, na miaka kumi ya kukanyaga saruji za mjini. Hatua ya tatu nilisimama, nikayatazama maji.

"Usitazame miguu," mama akapiga kelele. "Tazama mimi. Taratibu. Hakuna anayekufukuza."

Hayo yalikuwa maneno ya mjane, nilikuwa nimeyasikia kupitia michongoma. Nikachuchumaa, nikakaa kwenye gogo, nikavuka kwa makalio huku mpwa wangu akiangalia kando ili asicheke. Mama alicheka.

Niliporudi mjini mjane alikuwa mlangoni pa duka. "Navuka?"

"Amevuka."

Akapiga makofi mara moja, akaingia ndani kumpimia mtu chumvi. Sikumpa asante siku ile, wala siku nyingine, na sasa hayupo wa kupewa.

Leo nimempita mama umri aliokuwa nao alipoanguka. Kila asubuhi, kabla watu wa nyumbani hawajaamka, nasimama kando ya mlango, vidole viwili kwenye fremu, nainua mguu. Nahesabu kwa Kigujarati. Hakuna aliyenifundisha, wao walifundishana wawili. Baada ya panch huwa nachanganya, kwa sababu penye lile tundu la wigo upepo ulikuwa unayachukua maneno mengine, basi namalizia kwa Kiswahili. Nikifika kumi nashusha mguu.

Mama alikuwa anafika ishirini.