Nilivyomshinda Bai

Nakiri mapema ili nisisumbuliwe baadaye: nilimtumia mama yangu ujumbe wa simu uliosema, "Mama nimemshinda Bai!" Maneno matatu na alama ya mshangao. Nimewahi kufanya upuuzi mwingine maishani, lakini huo wote ulihitaji maneno mengi zaidi.

Bai hakuwa mtu.

Tulikuwa Geita, kwenye tamasha la kimataifa la chesi. Wageni walitoka Kenya, Uganda, Zambia, na wengine walipanda ndege kabisa kutoka India. Wenyeji tulikuwa wanne tu. Mwalimu wangu wa hesabu, ambaye ndiye aliyetutoa Shinyanga mjini. Mimi, mwanafunzi wake wa kidato cha tatu. Binti mmoja wa Kishapu aliyecheza huku akimumunya ubuyu. Na kijana mchimbaji kutoka upande wa Bulyanhulu, ambaye kila farasi aliyemsogeza alimburuta kwa nguvu zote kama anatoa mfuko wa mawe shimoni.

Mama hakuwa na imani na safari hiyo. Yeye anauza mchele sokoni, na kwake mchezo wa kukaa ni wa wanaume waliokimbia kazi. Siku ya kuondoka aliniambia, "Mwakani kidato cha nne. Nenda ukashinde mtu mmoja. Ukimshinda, endelea na chesi yako. Usipomshinda, huo ubao unakaa kabatini kwangu mpaka umalize mtihani."

Nikajitia mkubwa. "Mmoja ni mchache sana, mama. Sema watatu."

"Mmoja," akasema. "Na awe mtu."

Sijui aliongezea hayo kwa nini. Labda akina mama wana namna yao ya kujua.

Siku ya kwanza nilicheza mara tatu nikapigwa mara tatu. Wa kwanza kunipiga alikuwa mtoto wa Kampala ambaye miguu yake haikugusa sakafu. Aliponifunga aliniuliza kwa heshima kama nimeona, kwa sababu mimi bado nilikuwa nawaza nisogeze nini.

Asubuhi ya siku ya pili tukaenda ukutani kusoma nani anacheza na nani. Mbele ya jina langu waliandika neno moja fupi: BYE. Nikalisoma Bai, nikajua ni jina la Mhindi. Nikaenda mezani, nikapanga kete zangu, nikapanga na za kwake kwa adabu, nikakaa. Dakika kumi zikapita.

Binti wa Kishapu akapita na shavu limejaa ubuyu. "Unamsubiri nani?"

"Bai."

"Huyo atachelewa," akasema, akaenda zake mabega yanatikisika.

Mwalimu ndiye aliyekuja kunitoa gizani. "Wachezaji hawagawanyiki kwa mbili," akasema. "Raundi hii amebaki mmoja hana mpinzani, kwa hiyo anapewa pointi ya bure. Hiyo ndiyo bai."

"Na kwa nini nimebaki mimi?"

"Anabaki yule wa mkiani." Alilitamka neno mkiani polepole, kama daktari anayekutajia ugonjwa.

Basi. Mtu mwenye akili angeenda kunywa soda akanyamaza. Mimi nikachukua simu.

Mama alipiga kabla sijairudisha mfukoni. Nyuma yake nilisikia wenzake wa sokoni wakipiga vigelegele.

"Huyo Bai ndiye nani? Mhindi?"

"Ni mgeni tu, mama."

"Mkubwa?"

"Sikumwona vizuri."

"Alikusumbua?"

"Hata hatua moja hakupiga."

"Masikini. Alilia?"

"Hakusema neno."

Naomba ieleweke kwamba katika mazungumzo yale sikusema uongo hata mara moja. Uongo ulikuwa kwenye ujumbe tu, na ujumbe ulishakwenda. Mchana nikapigwa tena, na Mzambia safari hii, lakini hilo sikumtumia mtu. Jioni binti wa Kishapu alikuja kunishika mkono mbele ya watu na kunipa hongera. "Umemzidi Bai kwa kila kitu," akasema. "Hata kwa urefu."

Siku ya tatu, kabla ya raundi ya mwisho, nilikuwa mlangoni nikinawa uso kwenye bomba. Nilipofumbua macho nikamwona mama. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, ana kifurushi mkononi, na uso wa mtu aliyepanda basi la kwanza na kubadilisha jingine Kahama.

"Shikamoo mama. Kuna nini nyumbani?"

"Marahaba. Nyumbani kuzima. Yuko wapi Bai?"

"Unamtakia nini?"

"Nimpe pole. Mtoto wa mwenzangu amevuka bahari, kaja kufungwa na wewe. Wewe! Nimemletea matobolwa ya shangazi yako wa Didia, ajue kwetu si watu wabaya."

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama ngozi ya kiatu, ila vitamu. Ukikitafuna kimoja, meno yako hayana nafasi ya kazi nyingine.

Nikamwambia Bai ameondoka. Nikamwambia anaumwa. Nilikuwa njiani kumuua kabisa wakati mama alipoona ndani ya ukumbi mzee mmoja wa Kihindi mwenye miwani, akaniacha na kwenda moja kwa moja kwake.

"Bai?" akauliza.

Mzee akasimama, akaweka mkono kifuani, uso umechanua. "Bhai! Yesi, yesi, bhai!"

Baadaye mwalimu alinieleza kwamba kwa lugha ya yule mzee neno hilo ni ndugu. Alidhani mama anamwita ndugu yake, na nani angekataa? Mama akamshika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana baba. Ndiyo michezo. Ni kijana tu huyu, hata kufua hajui." Mzee hakuelewa kitu, akashukuru kwa kila kitu, akafungua kifurushi papo hapo na kutia tobolwa mdomoni.

Ndipo wakabandika orodha ya raundi ya mwisho. Mpinzani wangu alikuwa mzee yule yule.

"Mnarudiana!" mama akasema kwa furaha, akavuta kiti.

Nilicheza nikiwa na mama nyuma ya shingo yangu. Baada ya saa moja nilikuwa nimebakiwa na mfalme peke yake, kasukumwa kwenye kona, na malkia wa mzee anamtembelea. Mzee alikuwa kwenye tobolwa la nne au la tano. Kipande kilikuwa kimemganda jino la nyuma. Aliinamisha kichwa, ulimi unahangaika shavuni, kidole nacho kikataka kuingia kusaidia. Kwa mkono uliobaki akasogeza malkia, haraka haraka, amalize. Akamweka pabaya. Mfalme wangu hakuwa ameshambuliwa, lakini hakuwa na pa kukanyaga. Kwa sheria za chesi, hiyo ni sare.

Mwamuzi akaandika nusu kwa nusu. Mzee akajipiga paji la uso, kisha akacheka mpaka jino likaachia.

Mwalimu akasimama kutusomea matokeo ya wenyeji. Binti wa Kishapu pointi nne. Mchimbaji mbili na nusu. Mwalimu mwenyewe mbili, aliyasoma hayo haraka sana. Mimi moja na nusu.

"Mwalimu," mama akasema, "mbona mmemchezesha na Bai mara mbili?"

"Mara mbili? Hapana mama. Huyu mzee wamekutana leo tu."

"Na yule Bai wa jana?"

Mwalimu akanitazama. Binti wa Kishapu akatazama dari. Mwalimu akampeleka mama ukutani, akamwonyesha lile neno, akamweleza habari ya kugawanya kwa mbili, na pointi ya bure, na mkia. Mama alifuata orodha kwa kidole kutoka juu hadi chini, akafika kwangu.

Aliporudi sikuthubutu kukaa wala kusimama. Nilikuwa katikati. Mama akaangalia ubao, ambako mfalme wangu alikuwa bado kwenye kona yake, hakuna aliyemwondoa.

Akasema hivi, na sijaongeza wala kupunguza: "Soko zima linajua umemshinda mtu. Jumatatu utakuja nami, utazunguka meza kwa meza, uwaambie mwenyewe ulimshinda nani. Ubao unaingia kabatini mpaka mtihani uishe. Ila Jumapili nikitoka kanisani tutautoa kidogo, mimi na wewe, maana sijaelewa huyu mfalme wako amezungukwa hivi, hana hata mtu mmoja wa kumtetea, na bado wanasema hakufungwa."