Sentensi Isiyokwisha ya Darasa la Tatu

Nilitumwa Beni kuchukua darasa la mtu ambaye hakuna aliyetaka kuniambia alikokwenda. Waasi wa Simba, wale wa kujifunga majani kichwani, walikuwa wamekimbilia msituni, askari wa serikali walikuwa wamerudi mjini na Lingala yao, na shule zilikuwa zikifunguliwa moja moja. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilisomea ualimu kwa masista huko Butembo, na sikuwahi kulala mbali na mama yangu hata juma moja. Jirani yetu mmoja, Mwislamu aliyekuwa akipeleka chumvi na vitenge Beni, alinipakia mbele katika lori lake. Alizungumza tangu tulipoondoka. Baridi ya Butembo ilipobaki nyuma na joto la msitu likaanza kuingia dirishani, akanyamaza. Nilipomuuliza shule ya Beu, mtaa wa Beni nilikotumwa, ikoje, alijibu tu, "Iko na mabati mazuri."

Direkta wa shule alikuwa mzee mwenye sauti ndogo. Alinifungulia darasa la tatu, akabaki mlangoni mwenyewe, hakuingia. Vumbi lilikuwa limelala juu ya mabenchi. Ubaoni kulikuwa na maneno ya chaki nyeupe, mwandiko mzuri wa kulala upande, kana kwamba upepo unausukuma:

*Wazee wetu walishuka mlimani kwenda ziwani kutafuta chumvi, na walipofika njiani*

Hapo yalikatika. Hata nukta haikuwapo.

"Hii ni ya nani?" niliuliza.

"Ya ule mwalimu aliyekuwa hapa."

"Yuko wapi sasa?"

"Balimubeba," alisema, yaani walimchukua, kama mtu anayezungumza juu ya gunia. Kisha akaniachia ufunguo.

Asubuhi ya kwanza watoto waliingia bila kelele. Nimefundisha miaka mingi tangu wakati ule na sijaona tena watoto wa darasa la tatu wakiingia vile. Walikuwa arobaini na kitu. Walisimama, wakanisalimu, "Bonjour, Madame," wakakaa. Nilichukua kitambaa nikafuta ubao. Nyuma yangu nikasikia wote wamevuta pumzi kwa pamoja.

Kesho yake sentensi ilikuwa imerudi. Mahali palepale, mwandiko uleule, umelala vilevile. Nikadhani ni direkta ananipima. Aliapa kwa Bikira Maria kwamba hajagusa chaki tangu siku alipochukuliwa yule mwalimu. Nikafuta tena. Jumatano nikaikuta tena, nikafuta mara ya tatu. Ikarudi tena, na Jumamosi mchana, baada ya masomo, nilifuta mara ya nne kwa maji. Nikafunga madirisha ya mbao kwa ndani, nikatia kufuli jipya nililonunua soko la Beu, na ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na rozari yangu. Jumatatu nilifungua mwenyewe. *Na walipofika njiani.*

Juma lile nilikusanya madaftari nisahihishe. Nilifungua la kwanza, nikaona ule mwandiko. La pili, ule mwandiko. Mkia wa *y* uliojikunja, *k* iliyonyoosha mguu kama mtu aliyechoka. Madaftari arobaini na kitu, yote mkono mmoja. Nilijua alikuwa amewafundisha kuandika tangu darasa la kwanza, akapanda nao mwaka kwa mwaka. Nilijua hilo vizuri kabisa. Lakini nilipokaa na lile rundo mezani, niliona kama mtu mmoja tu ndiye anayenijibu maswali yote, mtu ambaye sijapata kumwona uso, ananijibu kwa heshima na kwa uvumilivu.

Nilimwita msichana wa benchi la mbele, mtoto wa msafirishaji mmoja wa palepale Beni, aliyekuwa akija na kitambaa cheupe kichwani. Nikamuuliza ni nani anayeandika.

"Ni Mwalimu," alisema.

Mimi nilikuwa Madame. Mwalimu alikuwa yule.

"Mwalimu hayuko, mwanangu."

"Ndiyo, Madame. Alienda kidogo." Akaniangalia kama anayemwonea huruma mtu mjinga. "Ilikuwa saa ya historia. Alikuwa anaandika. Bakaingia batu batatu, bako na majani ku kichwa. Bakamuita. Akaweka chaki pale, akatuambia, 'Ninarudia sasa hivi. Hapana mufute.'"

"Na nyinyi mlifanya nini?"

"Tulingojea. Tulikaa mpaka jua likaenda kule, mpaka bamama bakaja kututafuta." Akakaza kitambaa chake kichwani. "Madame, kama sentensi inaisha, leçon ya historia inaisha. Na kama leçon inaisha, atarudia hapa kufanya nini?"

Sikufuta tena. Nilichora mstari katikati ya ubao. Upande wa kushoto ulikuwa wa yule mwalimu, upande wa kulia wangu. Nilifundisha hesabu na vitenzi vya Kifaransa katika nusu ubao, na nilijizoeza kusimama mbali kidogo na upande ule. Saa ya historia ilipofika nilikuwa nawapa imla au wimbo. Nilisema moyoni kwamba kitabu tulichopewa hakifai, maana kilikuwa bado kinawahesabu wafalme wa Ubelgiji. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Kila saa ya historia vichwa vyote viligeuka mlangoni, polepole, bila mtu kuamuru, na mimi nilijikuta nageuka nao.

Mwezi wa tatu, siku moja saa nne asubuhi, mlangoni akasimama mtu.

Alikuwa mwanamke mrefu, udongo wa shamba umekauka miguuni. Watoto walisimama wote. "Wavukire, Mama," walimwamkia kwa Kinande. Akaomba nimruhusu kukaa. Alikaa benchi la nyuma, magoti yamepanda juu, akatazama ubao muda mrefu. Nikaelewa ni mke wa yule mwalimu kabla hajasema.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Pale imeandikwa nini?"

Nikamsomea.

"Ile naijua. Asubuhi ile aliisema yote akikunywa chai, alikuwa anajifunza namna ya kuwaambia." Akasimama. Hakuniangalia mimi, aliangalia watoto. "Walipofika njiani walikuta mto umejaa. Wengine wakavuka, wengine wakarudi mlimani. Na waliovuka ndio walioleta chumvi. Njo vile inaisha."

Akasogea mbele kati ya mabenchi.

"Batoto bangu, kila siku ku njia munaniuliza, Mwalimu atarudia siku gani. Na mimi nawajibu, kesho. Nilikosa. Mwalimu wenu nilimuzika mimi mwenyewe na mikono yangu, ndani ya shamba la kahawa, siku ya tatu baada ya kumubeba. Wale Simba walikataza tusizike watu, njo maana nilinyamaza. Kisha nikazoea kunyamaza. Leo nimeshindwa."

Yule msichana wa kitambaa cheupe ndiye aliyeanza kulia, wakafuata wote. Mama yule alipita benchi kwa benchi akiwapangusa nyuso kwa pembe ya kitenge chake. Walipotulia, mvulana mmoja akasimama, akasema ni wao waliokuwa wakiandika, kwa zamu, wakiwahi kuingia dirishani asubuhi kabla yangu.

"Mara tatu, Madame. Utusamehe."

"Mara nne," nilisema.

"Hapana. Ulipofunga madirisha na kuweka kufuli tulishindwa kuingia. Jumatatu tulikuta iko pale, tukajua wewe umeiacha."

Niliwatazama mmoja mmoja. Hawakuwa wanadanganya. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, naye hakujua hata herufi moja. Mpaka leo sijapata wa kuniambia ni nani aliyeandika mara ya nne.

Alipoondoka nilimwambia "wasingya," yaani asante kwa Kinande. Nikafuta ubao wote, nikawaambia watoto wafungue madaftari, tunafanya historia. Kila mmoja aseme jambo moja aliloliona kwa macho yake tangu Wazungu walipoondoka, jambo la hapahapa. Mmoja alisema siku ya uhuru baba yake alichinja mbuzi, kisha akaficha viatu vyake vya ofisi. Mwingine alisema walikaa shimoni na kuku, na kuku hakulia hata mara moja, kama anajua. Tuliandika mpaka kengele, na juma lililofuata tukaendelea.

Inspekta alikuja mwisho wa mwaka na jeep yake. Alisoma daftari langu la masomo ukurasa kwa ukurasa, uso umekunjamana.

"Hii haiko katika programu. Nani alikuambia kufundisha hii?"

"Ni batoto, muheshimiwa."

Akawauliza watoto mito ya Kongo. Wakaitaja yote. Akaandika *assez bien*, vizuri kiasi, akafunga kalamu. Nilimsindikiza mpaka jeep. Alikwisha kuweka mguu mmoja ndani alipogeuka, na sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo.

"Madame, humu ndani, hakuna mutoto aliyesema juu ya Luofu? Niko na ndugu yangu kule. Mwalimu. Sijapata habari yake."

"Hapana, muheshimiwa. Bako batoto ba hapa tu."

"Haya," alisema. Alisimama vile, mguu mmoja ndani, mwingine chini, mpaka dereva akawasha gari.