Ganzi ya Mwanamisi

Katika vijiji vilivyo juu ya Soni, msichana aliyefundwa na Mwanamisi alihesabiwa kuwa ameolewa nusu tayari. Ukungwi aliurithi kwa shangazi yake, akaufanya kwa ukali uliochanganyika na utani. Wakwe walimwamini kwa sababu ndoa zilizopita mikononi mwake hazikumsumbua sana balozi wa nyumba kumi. Wasichana walimwogopa, kisha wakampenda. Na katika yote aliyowafundisha, somo alilolirudia mpaka likachosha ni hili: mume asidanganywe chumbani. "Ukimdanganya mara moja ataupenda uongo wako," alikuwa akisema, "na wewe utaupika huo huo maisha yako yote."

Mumewe, Issa, alilima kabichi na njegere kwenye matuta ya mteremkoni, akazishusha Mombo siku za lori. Alikuwa mpole, mwenye kupenda kusifiwa kidogo, kama wanaume wengi wapole. Watoto wao wakubwa walikuwa wawili: Salimu, aliyekuwa ameshapata watoto, na dada yake Tatu.

Tatu alifariki akijifungua, mwaka 1971, masika yalipokuwa yameibomoa barabara. Mama yake ndiye aliyemfunda. Ndiye aliyemwambia asiogope, mwili wa mwanamke unaijua njia yake. Baada ya arobaini watu walirudi mashambani, na Mwanamisi akabaki ameketi nyuma ya jiko anatazama ukuta. Hakulia. Aliacha kula, akaacha kuoga, akaacha hata kugombana na jirani aliyefungulia mbuzi kwenye maharage yake, na hilo ndilo lililowatisha watu. Akasomewa, akanyweshwa kombe, akarudi kwenye ukuta wake. Siku moja Issa alimkuta kwenye ukingo wa maporomoko, anayatazama maji kule chini, na hakuwa na ndoo. Kesho yake alimpakia kwenye lori, juu ya kabichi, akampeleka hospitali.

Daktari alimpa vidonge vya njano vya kumeza kila siku, akasema visikatizwe. Wiki za kwanza vilimkausha mdomo na kumlaza kama gogo. Kisha asubuhi moja Mwanamisi alitoka nyuma ya jiko, akanusa hewa, akauliza ni nani aliyeyaacha maharage yaungue. Issa alikwenda kusimama nje kwanza, asionekane analia.

Vidonge hivyo vilimrudisha Mwanamisi duniani, na hakuna siku aliyosema vinginevyo. Alivimeza karibu mwaka mzima. Daktari alipomwambia inatosha, akavipunguza alivyoelekezwa, kisha akaviacha. Giza halikurudi. Alimkumbuka Tatu, akamlilia sawasawa, akashika tena jembe na wasichana wake.

Kitu kimoja tu hakikurudi. Alipokuwa bado anameza vidonge alikuwa ameona kwamba mkono wa mumewe unamfikia kama kupitia blanketi. Alidhani ni vidonge, vikiisha na hali hiyo itaisha. Vikaisha. Blanketi likabaki. Akiguswa alijua ameguswa, kama unavyojua mlango wa jirani umebishwa hodi. Hakuwa na maumivu wala chuki kwa mumewe. Alimpenda Issa kama zamani, pengine zaidi, kwa sababu ya siku ile ya maporomoko. Ila mahali ambapo zamani palikuwa na moto, sasa palikuwa na jiko safi lililofagiliwa.

Akafanya lile alilokuwa akiwakataza wengine. Aliujua ufundi wote, maana kumkataza mtu jambo kunataka ulijue kwanza. Akapumua palipotakiwa kupumua, akanyamaza palipotakiwa kunyamaza. Issa, aliyekuwa ameishi mwaka mzima na mwanamke anayetazama ukuta, hakuwa na hamu ya kuchunguza. Alinenepa. Alianza kupiga mluzi akiwa shambani. Siku za gulio la Soni aliwaambia wenzake kwamba hospitali ni hospitali, yeye amerudishiwa mke mpya.

"Mpya kabisa, mghosi?" wakamuuliza.

"Kuliko yule wa kwanza," akasema Issa.

Maneno hayo yalipanda mlima haraka kuliko lori. Wenye mabinti wakazidi kuja. Mwanamisi sasa alifunda vizuri kuliko zamani, au ndivyo watu walivyosema. Zamani aliwahi kusita katikati ya somo, akacheka peke yake kwa jambo alilolikumbuka; siku hizi hakusita. Alieleza kila kitu kwa mpangilio, kama mwalimu wa hesabu.

Ulikuwa mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu walipokusanyika kwenye redio na kuchimba vyoo. Dorkasi, mke wa mwalimu, Mlutheri mwenye sauti ya kwaya, ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa kijiji. Alipenda kila jambo lifanyike kwa kamati. Akamwomba Mwanamisi azungumze na akina mama wote, Waislamu na Wakristo, juu ya furaha ya nyumba, kwa kuwa taifa linajengwa na nyumba zenye furaha. Mwanamisi alijaribu kukwepa.

"Mama Dorkasi, mimi nafunda wari ndani. Sijui hotuba."

"Ndugu, ujuzi ni mali ya wote," akasema Dorkasi. "Huwezi kuuficha kama mkulima anayeficha mahindi."

Basi Mwanamisi akasimama darasani, chini ya ratiba ya vipindi, akawaeleza wanawake wenzake namna mwili unavyoamka. Waliofunika nyuso kwa khanga walichungulia kupitia khanga. Wakacheka, wakapiga vigelegele, na bibi mmoja mzee akasema anajuta kuzaliwa mapema. Dorkasi akashukuru kwa niaba ya kamati. Mwanamisi alirudi nyumbani amejitanda mpaka puani, anajisikia kama mtu aliyeuza ng'ombe asiyekuwa naye.

Wiki iliyofuata alipanda lori kwenda hospitali. Daktari yuleyule alifurahi kumwona amenawiri. Mwanamisi aliinamisha macho, akaeleza kwa maneno aliyoyapanga njia nzima, ya adabu lakini yasiyoficha kitu. Daktari alianza kupanga vitu vyake mezani.

"Mama, dawa ile imeshatoka mwilini siku nyingi," akasema. "Haiwezi kuwa dawa. Una umri gani?"

"Arobaini na kidogo."

"Na wajukuu?"

"Ninao."

"Sasa mama yangu, unatafuta nini tena?"

"Natafuta changu," akasema Mwanamisi.

Daktari akafikiri, akaamua kwamba hayo ni mabaki ya ile huzuni, na huzuni dawa yake ni vidonge. Akamwandikia vya njano vilevile. Mwanamisi alivipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akavipeleka mpaka nyumbani, akavitazama. Aliyeibiwa alikuwa ameshauriwa amkaribishe mwizi alale. Siku iliyofuata alivirudisha dirishani kwa mtoa dawa, akasema atavifuata giza likirudi.

Akajaribu upande wa pili. Mganga mmoja wa Mnazi, kule tambarare kwenye joto, alimfukizia ubani na kumwambia ana jini mahaba. Jini hilo limempenda, nalo linamwonea mumewe wivu, ndiyo maana limemfunga.

"Kama kuna jini lililonipenda," Mwanamisi akamwambia, "basi na lenyewe limelala."

Mganga hakupenda utani huo. Akamtajia kuku mweusi na mizizi ya kunywa siku saba. Kuku Mwanamisi alimtoa. Mizizi ilimwendesha tumbo mpaka akashindwa kwenda kwenye kazi ya kujitolea ya barabara, na kamati ya kijiji ikamwonya kwa uvivu.

Mwaka ulipokuwa ukiisha, Hadija, mke wa Salimu, alikuwa mjamzito tena. Baada ya yaliyompata Tatu, Mwanamisi hakutaka kusikia habari ya kuzalia nyumbani. Alimsindikiza mkwewe kila mwezi kwenye zahanati ya masista Wakatoliki, mwendo wa kushuka bonde na kupanda mlima wa pili. Muuguzi wa wajawazito alikuwa Sista Jenoveva, mwanamke mnene wa makamo aliyekuwa na tabia ya kunyamaza mpaka mtu aongee. Siku moja Hadija alipokuwa akipimwa damu chumba cha pili, Mwanamisi alisalimia, akanyamaza, Sista naye akanyamaza, na yote yakamtoka.

Alipomaliza aliona aibu. "Unisamehe, Sista. Haya si ya kumwambia mtu kama wewe."

"Si wewe wa kwanza," Sista Jenoveva akasema.

Mwanamisi akamtazama.

"Wapo wanawake wachache niliowasikia. Na wanaume, ingawa wanaume huzunguka sana kabla ya kufika. Walimeza dawa za namna hiyo, wakapona, wakaacha. Wengi hurudi kama walivyokuwa. Wachache hawarudi upesi, na hakuna aliyeniambia sababu. Niliwahi kumuuliza daktari mmoja, akasema vitabuni hamna."

"Wewe wanakuambiaje mambo haya?"

"Wanadhani sielewi," Sista akasema. "Kwa hiyo hawaoni haya."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Mwanamisi kucheka bila kujipangia. Kisha akauliza dawa.

"Sina. Na atakayekuambia anayo, mwangalie vizuri. Niliyoyaona ni haya tu: kuna ambao hisia ilirudi polepole, si yote, na si kila siku. Kuna ambao mpaka leo haijarudi. Usimeze vile vidonge kwa ajili ya hili. Lakini giza likikurudia, njoo mbio, usiseme vilikuharibu ukakaa nalo. Zipo dawa nyingine za kujaribu. Usinywe mizizi ya watu. Na mumeo anajua?"

"Mume wangu ndiye mtu mwenye furaha kuliko wote Soni."

"Hilo nalo litabidi lipone," akasema Sista Jenoveva.

Mwanamisi alimwambia Issa shambani, mchana, walipokuwa wakifunga kabichi kwa kamba za migomba, kwa sababu aliona maneno hayo hayafai kusemwa gizani. Issa aliendelea kufunga fundo moja kwa muda mrefu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu vile vidonge, Baba Salimu."

"Mpaka juzi?"

"Mpaka juzi."

Issa alikaa juu ya tuta. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni na ukayameza matuta ya chini, moja baada ya jingine. "Nimejisifu kwa watu," akasema mwishowe. "Gulioni. Wewe unajua nilivyojisifu."

"Najua. Nililetewa maneno."

"Ungeniacha nijisifu mpaka lini?"

Mwanamke aliyewajibia wari maswali ya kila namna alibaki ameshika kabichi mkononi. Issa hakupiga kelele. Alimaliza kazi, akashusha mzigo, na kwa siku kadhaa akalala kwenye chumba cha mbegu, pamoja na viazi. Alikuwa na hasira, lakini zaidi alikuwa na aibu. Kila alipokumbuka jambo lililompendeza, ilimbidi alifute. Nyumba ikawa kimya tena kama mwaka ule wa ukuta, ila safari hii anayetazama ukuta alikuwa mwingine.

Alirudi jioni moja ya baridi, kabla ya chakula, na beseni la maji ya moto. Akaliweka miguuni pa mkewe.

"Miguu unaisikia?" akauliza.

"Miguu naisikia."

"Basi tuanzie huko. Mengine wewe ndiye kungwi, utanifundisha."

"Sijui, Baba Salimu. Ninayoyajua hayafanyi kazi."

"Basi vizuri," Issa akasema, "maana mimi nilikuwa nayajua hayo hayo."

Wakaacha ile shughuli kabisa kwa muda. Walilala wakizungumza: habari za Tatu, ambazo walikuwa hawajazungumza kamwe, na umbea wa kamati. Mwanamisi aliambiwa asipumue kwa ajili ya mtu. Miezi ikapita bila chochote, na zipo siku alizochukia hata huo upole wa mumewe, maana nao ulikuwa ukingoja kitu. Kisha, vuli ya mwaka uliofuata, Issa alipomwekea mkono begani kumwonyesha lori linalopinda kona kule chini, bega likaamka. Liliwasha na kuchomachoma, kama mguu uliokaliwa vibaya. Mwanamisi hakusema kitu mpaka alipohakikisha si upupu.

Haikurudi yote. Ilikuja, ikaondoka wiki nzima, ikaja tena mahali pengine, kidogo, kama moto wa kuni mbichi. Kuna sehemu ambayo haikurudi kabisa, na alikuja kuizoea kama mtu anavyozoea jino lililong'oka. Hajui kama ni muda, au miguu iliyooshwa, au kusema kweli. Aliyemuuliza alijibiwa hivyo hivyo kwamba hajui.

Kilichopungua ni sifa. Aliwaambia wari sasa kwamba mwili hunyamaza wakati mwingine bila kosa la mtu, na ukinyamaza usemwe. Wakwe hawakufurahi. Walilipia moto, wakauziwa subira. Yule bibi mzee wa darasani alisema Mwanamisi ameharibika tangu alipoanza kuzungumza na masista. Wenye mabinti wengi wakahamia kwa kungwi mwingine wa upande wa Bumbuli, aliyekuwa akieleza kila kitu kwa mpangilio.

Hadija alijifungua salama, mtoto wa kike. Na mwaka 1976, asubuhi ya gulio, mwanamke asiyejulikana alipanda njia kutoka upande wa Mazinde, viatu mkononi, akapiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ndani, baridi hiyo."

Mwanamke aliketi kwenye ukingo wa kiti. Akasifu kabichi, akasifu mvua, akauliza habari za wajukuu. Kisha akasema ana jirani yake, si yeye, ni jirani, aliyepewa vidonge hospitali.

Issa aliyekuwa akinoa panga mlangoni alisimama bila kuambiwa, akachukua panga lake na jiwe, akaenda kunolea nyuma ya jiko. Mwanamisi akasogeza kigoda chake karibu na mgeni, akamimina chai kwenye vikombe viwili, akanyamaza mpaka yule mwanamke akaendelea.